GnuCash: uchague hifadhidata ipi kwa vitabu vyako? Mwongozo kwa watunza hesabu wa Nyanda za Juu Kusini

Umepakua GnuCash, umepanga akaunti zako, umebonyeza kuhifadhi, na imekuletea maneno manne uchague: mysql, postgres, sqlite3, xml. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Yananijia kutoka kwa makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa Mbozi, wenye maduka ya pembejeo Mwanjelwa na Uyole, na vijana wanaotunza hesabu za mbao Mafinga, na karibu wote huuliza jambo lile lile: "Nitumie MySQL au PostgreSQL?" Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja.

Jibu lenyewe ni kwamba wengi wenu hamhitaji hata moja kati ya hizo mbili. Kama kompyuta ni moja na anayeingiza hesabu ni mmoja, uchaguzi wako uko kati ya XML (faili la maandishi) na SQLite (hifadhidata nzima ndani ya faili moja, ambayo GnuCash huiita sqlite3). Kwa umeme wetu huku, napendelea SQLite, kwa masharti nitakayoyaeleza. MariaDB (ndugu wa MySQL), MySQL na PostgreSQL ni za ofisi yenye mtu anayejua seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, na atakayekuwepo ikigoma siku ya malipo ya wakulima.

Kidogo kuhusu programu yenyewe: GnuCash ni programu huria chini ya leseni ya GPL, haina malipo, na inafuata hesabu za pande mbili, debiti na krediti. Kwa miaka mingi watumiaji wengi waliandika vitabu kwenye faili la XML. Hifadhidata za SQL za sasa, yaani SQLite, MySQL na PostgreSQL, zilikuja na toleo la 2.4, mwishoni mwa mwaka 2010. XML ndiyo chaguo la kawaida mpaka leo, na haijapitwa na wakati.

Andaa haya kabla hujaanza

- Kompyuta yenye GnuCash toleo la 5. Windows, macOS au Linux, yoyote inafaa.
- Flashi mbili. Moja haitoshi, na nitakwambia kwa nini kwenye hatua ya 7.
- Laptopu yenye betri inayoshika chaji, au kompyuta ya mezani iliyounganishwa na yu-pi-esi (UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika).
- Urari (Trial Balance) wa hesabu zako za sasa, uliochapishwa kwenye karatasi.
- Muda wa utulivu. Usifanye kazi hii siku ya mnada au siku foleni ya wakulima iko mlangoni.

Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Hatua zenyewe

1. Jibu maswali manne kwenye karatasi.

Swali la kwanza: ni watu wangapi wataingiza hesabu kwa wakati mmoja? Hili ndilo linalowakwamisha wengi, kwa sababu wanaamini kwamba wakiweka PostgreSQL, basi karani wa mizani, mtunza fedha na mhasibu wataweza kufanya kazi pamoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Haiwezekani. GnuCash inapofungua kitabu, inakisoma chote na kukiweka kwenye memori, kisha inaweka kufuli ili mwingine asikifungue. Hivyo ndivyo inavyofanya kwa XML, kwa SQLite, na kwa PostgreSQL iliyo kwenye seva ya gharama kubwa. Mtu wa pili akilazimisha kuingia, kila mmoja anabaki na picha yake ya kitabu kwenye memori na haoni anachoandika mwenzake. Mwisho wa siku vitabu havifanani na hakuna anayejua kosa lilipoanzia.

Kwa hiyo kama jibu lako ni watu wawili au zaidi kwa pamoja, usihangaike na hifadhidata ya GnuCash. Badilisha programu. LedgerSMB na Odoo hukaa juu ya PostgreSQL, ERPNext kwa kawaida hukaa juu ya MariaDB, na Dolibarr inakubali MySQL, MariaDB au PostgreSQL. Zote zimejengwa kwa watu wengi kuingia kwa pamoja. Ni kubwa, zinahitaji seva na mtu wa kuzihudumia, lakini AMCOS yenye vituo kadhaa vya kupokea mazao inahitaji kitu cha namna hiyo.

Watu wawili wanaopokezana kompyuta moja, asubuhi huyu na jioni yule, hawana tatizo na GnuCash.

Swali la pili: umeme wako ukoje? Anayefanya kazi Rungwe msimu wa mvua na radi anajua ninachouliza. Tukuyu ukiwa na kompyuta ya mezani isiyo na yu-pi-esi, jibu hili lina uzito kuliko mengine yote.

Swali la tatu: nani atachukua nakala rudufu, na siku gani? Andika jina la mtu. "Tutaona" ukaiandike kama "hakuna".

Swali la nne: kuna mtu anayetaka kuzisoma data nje ya GnuCash, kwa mfano kutengenezea ripoti ya bodi kwenye Excel au LibreOffice? Kama hakuna, sababu mojawapo kubwa ya kutumia SQL imeondoka.

2. Fahamu ni lini hesabu zako zinafika kwenye diski.

Nadharia yote ya mwongozo huu iko hapa. Ukitumia XML, unachoandika kinakaa kwenye memori mpaka uhifadhi, na ukihifadhi, faili zima linaandikwa upya. GnuCash hujihifadhi yenyewe kila dakika 5 usipobadilisha mpangilio huo. Ukitumia SQLite au hifadhidata nyingine ya SQL, kila muamala unaandikwa papo hapo ukibonyeza Enter na kuondoka kwenye mstari.

Chukua siku ya malipo. Karani anaingiza majina ya wakulima, kilo za kahawa, bei, makato ya pembejeo walizokopeshwa. Umeme unakatika ghafla. Aliyetumia XML anapoteza kila alichoingiza tangu uhifadhi wa mwisho. Aliyetumia SQLite anapoteza mstari mmoja, ule aliokuwa hajaumaliza.

Lakini kasi hiyo ya kuandika ina upande wake wa pili. Kwenye XML, karani akivuruga mambo kwa nusu saa, anafunga programu bila kuhifadhi na kufungua nakala ya kabla ya kuvuruga, kati ya zile nitakazozieleza hapa chini. Kwenye SQL hakuna kurudi. Ukifuta akaunti ya "Madeni ya Pembejeo" kwa bahati mbaya, imeshafutika kwenye diski wakati huo huo.

Jambo lingine: XML inajitengenezea nakala. Kila ukihifadhi, toleo lililotangulia linabaki kando likiwa na tarehe na saa kwenye jina lake, mfano `duka.gnucash.20250614153012.gnucash`, na linatunzwa siku 30 kwa mpangilio wa kawaida. SQLite haikutengenezei nakala hizo. Wengi hugundua hili siku wanayoihitaji nakala.

3. Chagua.

Karani ni mgeni na bado anajifunza debiti na krediti: XML. Kurudi kwenye nakala za nyuma kutamwokoa mara nyingi. Ingia Edit > Preferences > General, ushushe muda wa kujihifadhi uwe dakika 2 au 3. Usiuzime.

Mtunza hesabu ana uzoefu, miamala ni mingi kila siku, umeme hautabiriki: SQLite. Duka la jumla Kabwe, mashine ya kukoboa mpunga Mbarali, kiwanda kidogo cha mbao, wote hawa naweza kuwashauri SQLite bila wasiwasi, mradi jibu la swali la tatu lina jina la mtu.

Vitabu vimekuwa vikubwa kiasi kwamba kila kuhifadhi kunachukua muda na kompyuta inaganda: SQLite pia, kwa kuwa haiandiki kitabu kizima kila mara. Usitegemee kitafunguka haraka zaidi. Kufungua bado ni kusoma kitabu chote.

Ofisi tayari ina seva ya PostgreSQL au MariaDB kwa kazi nyingine, na nakala zake zinachukuliwa kila usiku: tumia hiyo iliyopo. Kuanzisha seva kwa ajili ya GnuCash peke yake sikushauri.

4. Funga mlango wa nyuma kwanza.

Fungua kitabu chako cha sasa, nenda Actions > Check & Repair, usahihishe kinachohitaji kusahihishwa. Kisha toa Trial Balance kwenye menyu ya Reports, chagua tarehe ya leo, uchape. Hifadhi, funga GnuCash, halafu nakili faili hilo kwenye flashi ya kwanza. Usiguse nakala hiyo mpaka umalize hatua zote.

5. Hamisha vitabu kwenda SQLite.

Wa Windows na macOS, kila kinachohitajika kimekuja na programu. Wa Ubuntu au Debian, weka kwanza kiunganishi:

`sudo apt install libdbd-sqlite3`

Sasa fungua kitabu chako, nenda File > Save As. Kwenye Data Format chagua sqlite3. Chagua folda iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, kisha upe faili jina lisilo na nafasi na linalojitambulisha, mfano `duka-sqlite.gnucash`. Jina ni muhimu kwa sababu faili la XML na la SQLite yote mawili yanaweza kuishia na `.gnucash`, na ukiyaweka folda moja yakiwa na majina yanayofanana, iko siku karani atafungua la zamani na kuendelea nalo.

Onyo: usiweke faili la SQLite unalolitumia kwenye flashi, kwenye folda ya mtandao wa ofisi, wala kwenye folda inayojipakia yenyewe Google Drive au Dropbox. SQLite inategemea kufuli za diski zifanye kazi sawasawa, na huko mara nyingi hazifanyi. Programu ya kupakia inaweza pia kunyakua faili likiwa katikati ya kuandikwa. Nakala iliyofungwa unaweza kuipeleka huko upendavyo. Faili lililo hai libaki kwenye diski ya kompyuta.

Ukishahifadhi, uko ndani ya kitabu kipya. Angalia njia ya faili juu ya dirisha uhakikishe.

6. Linganisha shilingi kwa shilingi.

Funga GnuCash, ifungue tena, fungua kitabu kipya. Toa Trial Balance kwa tarehe ile ile na uilinganishe na ile ya kwenye karatasi, akaunti kwa akaunti. Usiishie kwenye jumla ya chini, maana makosa mawili yanaweza kufutana. Angalia pia orodha ya wateja, ankara ambazo hazijalipwa, na miamala uliyoipangia tarehe za mbele. Yote yakilingana, hamisha faili la zamani la XML kwenye folda nyingine, liite `zamani`, na liache hapo.

7. Weka utaratibu wa nakala leo hii.

Kwa SQLite, njia rahisi ni kufunga GnuCash kisha kunakili faili. Ukinakili programu ikiwa wazi, unaweza kupata nakala iliyokatika katikati. Kwa anayependa amri, na mwenye programu ya amri ya sqlite3 kwenye kompyuta, hii hutoa nakala salama:

`sqlite3 duka-sqlite.gnucash ".backup nakala-jumatatu.gnucash"`

Fanya hivyo kila jioni, faili moja kwa kila siku ya juma, ili ya Jumatatu ifutwe na ya Jumatatu inayofuata. Flashi mbili zipokezane: moja iwe ofisini, nyingine iwe nyumbani kwa mwenyekiti au mwenye duka, zibadilishane kila wiki. Wezi wakiingia ofisini hubeba kompyuta pamoja na kila kilichochomekwa, na moto nao hauchagui.

Mwisho wa kila mwezi, fungua kitabu, nenda File > Save As, chagua xml, uhifadhi kwa jina la mwezi huo, mfano `2025-06-kumbukumbu.gnucash`. Kisha fungua tena faili la SQLite kabla ya kuendelea na kazi. Hapa watu wengi huteleza: baada ya Save As wanaendelea kuandika kwenye kumbukumbu ya mwezi, na kitabu halisi kinabaki nyuma. Faida ya kumbukumbu za XML ni kwamba hata baada ya miaka mingi zinaweza kufumuliwa (kwa kawaida GnuCash huzibana kwa gzip) na kusomwa kama maandishi. Sheria ya usimamizi wa kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka isiyopungua 5, na TRA wakija hawatakuuliza ulitumia hifadhidata gani.

8. Kwa wanaokwenda PostgreSQL tu.

Wengine rukeni hatua hii. Kwenye Ubuntu weka `libdbd-pgsql`, kisha tengeneza mtumiaji na hifadhidata tupu:

`sudo -u postgres createuser --pwprompt karani`
`sudo -u postgres createdb --owner=karani vitabu`

Ndani ya GnuCash, File > Save As, chagua postgres, jaza Host, Database, Username na Password. Nakala unachukua kwa `pg_dump`, na uipange ijiendeshe yenyewe kila usiku:

`pg_dump -h localhost -U karani vitabu > vitabu.sql`

Wa MariaDB, kiunganishi ni `libdbd-mysql`, na nakala ni kwa `mysqldump`. Kwa vyovyote, seva isifunguliwe kwenye intaneti. Ibaki ndani ya mtandao wa ofisi.

9. Kama utachomoa data kwa ajili ya ripoti.

Hapa ndipo SQLite inaponifurahisha, kwa sababu kitabu chote kinageuka majedwali unayoweza kuyauliza. Akaunti ziko kwenye `accounts`, miamala kwenye `transactions`, na kila upande wa muamala kwenye `splits`. Amri hii inatoa jumla ya kila akaunti kwenye faili linalofunguka kwenye Excel:

`sqlite3 -readonly -header -csv duka-sqlite.gnucash "SELECT a.name AS akaunti, SUM(s.value_num * 1.0 / s.value_denom) AS jumla FROM splits s JOIN accounts a ON a.guid = s.account_guid GROUP BY a.guid ORDER BY a.name;" > jumla.csv`

Zingatia hiyo `* 1.0`. GnuCash haiandiki kiasi kwa nukta. Huandika namba mbili nzima, ya juu na ya chini: shilingi 45,000 ni 4500000 juu ya 100. SQLite ikigawanya namba nzima kwa namba nzima, hutupa kinachobaki, kwa hiyo riba ya benki ya 1,250.50 itatoka 1,250 na urari wako hautafunga. Usishangae pia kuona mapato na madeni unayodaiwa yakiwa hasi. Krediti huandikwa kwa alama ya kutoa. Kama una akaunti ya dola, tumia `quantity_num` na `quantity_denom`, ambazo zinafuata sarafu ya akaunti yenyewe.

Soma tu. Usibadilishe kitu chochote ndani ya majedwali kwa mkono, hata herufi moja ya jina la mteja. Ukaguzi wote unaolinda hesabu za pande mbili uko ndani ya GnuCash, na ukiandika moja kwa moja kwenye jedwali unaupita pembeni. Ndiyo maana nimeweka `-readonly` kwenye amri.

Mambo yakigoma

*sqlite3 haionekani kwenye orodha ya Data Format.* Kiunganishi hakipo. Rudi hatua ya 5, weka `libdbd-sqlite3`, funga GnuCash na uifungue upya.

*Kitufe cha Save kimefifia.* Uko kwenye SQL na kila kitu kimeshaandikwa. Hakuna cha kuhifadhi.

*Inasema haikuweza kupata kufuli.* Mara nyingi umeme ulikatika na kufuli la jana likabaki. Kwanza zunguka ofisini uhakikishe hakuna mwenzako aliyefungua kitabu hicho. Ukishajiridhisha, chagua Open Anyway. Kwenye XML utayaona mafaili ya `.LCK` na `.LNK` kando ya kitabu; hayo ndiyo kufuli lenyewe. Kwenye SQL kufuli liko ndani ya jedwali la `gnclock`, na Open Anyway inatosha.

*Nilitumia XML, umeme ukakatika, miamala imepotea.* Usianze kuingiza upya. Kando ya kitabu kuna mafaili yanayoishia na `.log`, na GnuCash huandika humo kila muamala hata kabla hujahifadhi. Nakili folda nzima kwanza. Fungua kitabu kama kilivyohifadhiwa mara ya mwisho, nenda File > Import > Replay GnuCash .log file, chagua lile lenye tarehe na saa ya kazi iliyopotea. Miamala itarudi. Akaunti mpya ulizofungua wakati huo hazimo kwenye log, kwa hiyo zifungue kwa mkono.

*Urari wa kitabu kipya haufanani na wa zamani.* Angalia tarehe za ripoti kabla ya kulaumu uhamisho. Mara nyingi moja imeishia leo na nyingine mwisho wa mwaka.

*Mwenzangu hawezi kufungua kitabu changu.* Linganisheni matoleo. Kitabu kilichoandikwa na toleo jipya kinaweza kukataliwa na la zamani. Anayepandisha toleo achukue nakala kwanza, na kompyuta zote zinazogusa kitabu hicho zipandishwe siku moja.

*Inasema "database disk image is malformed".* Faili la SQLite limeharibika, kwa kawaida baada ya kunakiliwa likiwa wazi au diski kuanza kufa. Nenda kwenye nakala ya jana jioni. Kama nakala hakuna, jaribu kuokoa kinachookoleka kwenye faili jipya:

`sqlite3 mbovu.gnucash .recover | sqlite3 mpya.gnucash`

Kisha fungua hilo jipya, pitisha Check & Repair, na ulinganishe na risiti na stakabadhi za karatasi kuanzia siku ya mwisho uliyochapa urari. Diski yenyewe ipimwe kabla hujaendelea kuitumia.